Mama Anaweza Kuvuka Viwanja Vingapi

4 Februari

Mpwa wangu Chiriku,

U mzima? Na mtoto mzima? Sisi huku hatujambo, isipokuwa masikio yangu, ambayo yalistaafu miaka miwili kabla ya mimi mwenyewe kustaafu na hayana mpango wa kurudi kazini. Usiniletee tena habari ya kunipigia simu. Nikiiweka sikioni nasikia mafuta yanachemka. Na zile herufi za ujumbe ni ndogo mno, kama mtu anayeandika huku anajificha. Kalamu yangu inatosha.

Mama yako anakusalimu sana. Amenenepa kidogo. Fundi cherehani wa nyumba ya pili ameshamshonea magauni mawili ya safari, moja la kijani na jingine la kijani, kwa sababu alipelekwa kuchagua kitambaa mara mbili na mara zote mbili akachagua kilekile.

Sasa tuje kwenye kazi. Viza ya dada yangu imetoka, na mwisho wake ni tarehe 30 Septemba. Ndege ya moja kwa moja kutoka huku hadi kwako haipo, kwa hiyo ni kuunganisha. Nimekaa na ratiba siku tatu. Wale waliorithi kaunta yangu pale kwa wakala bado wananiruhusu kutazama kompyuta yao, mradi nisiwafundishe kazi.

Njia ziko tatu. Ya kwanza inapita viwanja viwili, ule wa jangwani kisha ule wa baridi, na kote hakai zaidi ya saa mbili. Ndiyo safari fupi kuliko zote. Ya pili inapita uwanja mmoja tu, ule mkubwa wa vioo, lakini atakaa pale saa tisa, na ndege ya pili iko jengo jingine, unakwenda kwa treni ndogo isiyo na dereva. Ya tatu ni uwanja mmoja pia, ule mdogo wa kisiwani, saa mbili na nusu, malango kumi na mawili tu. Tatizo lake ndege ni mara mbili kwa wiki, na ikikuacha umekwama.

Moyo wangu uko kwenye ya kwanza. Miaka thelathini na mmoja nimekatia watu tiketi kwa sheria zilezile: usimpe abiria chini ya dakika tisini kati ya ndege na ndege, na usimpandishe ndege ya mwisho ya siku. Njia ya viwanja viwili inatimiza zote mbili.

Usiniulize kwa nini nisimsindikize. Ubalozi umeninyima mara mbili. Walisema mjane, mstaafu, hana cha kumrudisha nyumbani. Nina kuku kumi na wawili, hawakuuliza. Nimewarusha watu dunia nzima na mimi mwenyewe sijawahi kufunga mkanda wa kiti cha ndege.

Lakini wewe je? Njoo wiki moja tu umchukue mwenyewe. Fikiria hilo. Kichwani yuko sawa, anasahausahau kidogo tu, kama sisi wote tuliokula chumvi nyingi.

Mjomba wako,
Ratiba


9 Machi

Shikamoo Mjomba Ratiba,

Barua yako nimeikuta leo kwenye kisanduku nikitoka kazini, imelowa pembeni, nikaisoma nimesimama ngazini na koti langu. Sisi hatujambo. Baridi imeanza kulegea. Mtoto ameng'oka meno mawili ya mbele na sasa anaongea kama wewe ukiwa umeyasahau yako kwenye glasi.

Bado niko kwenye ile dobi kubwa. Wamenihamishia mashine ya kupigia pasi mashuka ya hoteli. Shuka linatoka upande wangu likiwa moto, mimi na mwenzangu tunashika pembe, tunakunja mara tatu, tunasukuma. Kelele ni nyingi hata hatuongei. Ungestarehe hapa Mjomba, hakuna anayemsikia mwenzake.

Nimesoma njia zako. Ya viwanja viwili siitaki. Jumapili nilipoongea na mama kwa simu ya fundi cherehani, aliniita kwa jina la marehemu mama mdogo. Nilipomsahihisha akacheka, akasema najua, najua. Halafu akaniita tena vilevile. Mara tatu, Mjomba. Mtu wa hivyo unampitishaje viwanja viwili peke yake?

Mpe ule wa vioo. Saa tisa ni nyingi lakini angalau ni mahali pamoja. Na umwombee kiti cha magurudumu, ili kila hatua akabidhiwe mtu kwa mtu.

Mtoto amechora ndege, ameniambia nikutumie. Zile duara ni kichwa cha bibi kwenye kila dirisha.

Mpwa wako


11 Aprili

Chiriku,

Marahaba. Mwambie mjukuu wangu meno yake yataota, yangu ndiyo yamekata shauri. Picha yake nimeibandika ukutani. Kuku mmoja ametoweka. Simshutumu mtu, ila jirani wa nyuma siku hizi hanitazami usoni.

Kuhusu lile jina: wewe na marehemu mama mdogo wako sauti zenu ni moja. Hata mimi nilipokuwa na masikio nilikuwa nawachanganya. Usilikuze jambo.

Hata hivyo nimekusikia, njia ya viwanja viwili nimeifuta. Na ili usiseme mjomba wako amekaa tu, nimejenga uwanja wa ndege. Usicheke. Sebule ndiyo uwanja wa kwetu. Meza ya kulia ni kaunta, na mizani ya unga nimeileta pale kupimia begi. Korido ndiyo ndege. Nimepanga viti sita, viwili viwili, na dada anakaa dirishani ingawa dirisha lenyewe ni ukuta. Chumba changu ndiyo uwanja wa vioo, na jikoni ndiko kwako. Juu ya kila mlango nimebandika namba ya lango.

Kila siku saa nne asubuhi tunasafiri. Mimi ndiye karani, ndiye rubani, ndiye msukuma kiti. Navaa ile kadi yangu ya zamani ya kazini, yenye kamba ya shingoni, ili dada azoee kwamba mwenye kadi ndiye wa kufuatwa. Fundi cherehani alijitolea kuwa karani nikamkatalia. Anacheka ovyo, na kazi hii haitaki masihara.

Siku ya kwanza dada alishukia kwa jirani. Siku ya nne akafika hadi jikoni bila kushikwa mkono, akatazama huku na huku, akaniuliza (midomo yake naisoma, ndiyo niliyoizoea), "Binti yangu yuko wapi?" Nikamwambia hujatoka kazini. Akavuta kigoda akakaa kukusubiri, uso umemkunjuka kabisa. Siku nyingi sijamwona hivyo.

Hukunijibu habari ya kuja mwenyewe. Nimeisoma barua yako mara mbili, hata nyuma ya karatasi nimetazama.

Ratiba


2 Juni

Shikamoo Mjomba,

Sisi wazima. Mtoto mzima. Leo sina utani.

Fundi cherehani ameniambia. Usimgombeze, mimi ndiye niliyembana mpaka akamwaga yote. Mama alitoka asubuhi, akaonekana saa kumi jioni kituo cha mabasi, amekaa na begi lake, hajui nyumba iko upande gani. Na hiyo ni mara ya tatu mwaka huu. Mara ya tatu! Na wewe unaniandikia habari za kuku.

Nilisoma ile barua ya uwanja wako wa sebuleni nikacheka peke yangu hadi mwenzangu wa mashine akaniuliza kwa ishara kuna nini. Sasa nikiikumbuka nasikia vibaya. Ulikuwa unanichekesha ili nisiulize.

Niandikie mama yangu alivyo, siyo unavyotaka awe. Anaoga mwenyewe? Anakujua wewe? Usiku anajua choo kiliko? Daktari amesema nini? Mimi si mtoto, nina mtoto.

Unauliza kwa nini siji. Kazini hawatoi ruhusa. Ndiyo hivyo.

Mpwa wako


25 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Salamu zako zimefika, na makofi yaliyokuwa ndani yake pia yamefika.

Umenishika, basi sikia. Mara ya kwanza kupotea ilikuwa Januari, kabla hata viza haijatoka. Nilinyamaza kwa sababu ungejua, ungesema asisafiri. Na asiposafiri mwaka huu, Chiriku, hatakuona tena akiwa anakujua. Hicho ndicho ninachokiogopa, hakuna kingine. Kuoga anaoga, nikimwekea maji na kumkumbusha sabuni. Mimi ananijua. Daktari aliniandikia kwenye karatasi, kwa kuwa simsikii: kumbukumbu itazidi kupungua, dawa ya kuirudisha hakuna. Nikamuuliza kwa muda gani. Akachukua kalamu akachora alama ya kuuliza, akanirudishia karatasi.

Wenye ndege wakijua, watataka awe na msindikizaji. Kwa hiyo kwenye maombi ya kiti cha magurudumu nimeandika magoti. Magoti yake ni mazima kuliko yangu.

Uwanja wa vioo nimeufuta. Yule wa kiti humwacha abiria ukumbini akaenda kuhudumia wengine, na ndani ya saa tisa dada atakuwa ameshaingia kila mlango wa jengo lile. Tumebaki na kisiwani. Nimeacha pia kumfundisha malango na namba, vinamchanganya tu. Sasa namfundisha jambo moja: ukishakaa kwenye kiti cha kusubiria, usinyanyuke mpaka mwenye kadi shingoni aje akuite kwa jina lako kamili. Hilo moja tumelirudia wiki tatu.

Amelishika! Juzi paa lilivuja mvua ikamnyeshea begani. Nilirudi kutoka sokoni nikamkuta amelowa, ametulia palepale, mikono juu ya begi. Nikavaa kadi, nikamwita, akanyanyuka. Nilijivuna na nikaona haya, vyote kwa pamoja.

Njoo, Chiriku. Siku tatu tu. Kazi gani hiyo isiyotoa siku tatu?

Mjomba wako


20 Julai

Shikamoo Mjomba,

Hatujambo. Joto limeanza, na kwenye mashine ndiyo usiseme. Mtoto yuko likizo, ananisubiri kwa jirani hadi nitoke.

Siwezi kuja. Nimekupiga chenga tangu ile barua yako ya Februari, na wewe ulikuwa unanificha mama, basi tumetoshana. Kibali changu cha kuishi huku hawakukiongeza tangu Desemba. Nimekata rufaa. Pasipoti yangu iko kwenye faili lao. Nikiiomba wananipa palepale, lakini rufaa inafutwa na nikitoka sirudi tena. Mtoto amezaliwa hapa na baba yake yuko hapa, na ameniambia kwa upole kabisa kwamba hatakubali nimhamishe. Kwa hiyo nikija kwa mama namwacha mtoto. Hizo siku tatu unazoniomba ndizo hizo.

Kazini wangenipa hata mwezi. Nilikudanganya.

Viza ya mama iliombwa kwa jina la baba wa mtoto, haina tatizo. Kwa hiyo mama ndiye aje. Sikukwambia mapema kwa kuwa ungemwambia, na yeye angekataa kuja ili asinizidishie shida. Wakati ule alikuwa bado anajua kukataa.

Kisiwani basi. Jumanne ya mwisho ya Agosti. Tiketi nimeshakata huku, na fundi cherehani nimemsomea namba zote kwenye simu akuandikie. Nimemtengea mama upande wa ukutani, nitalala katikati, mtoto pembeni. Nimenunua na taa ndogo ya kuwasha njiani kuelekea chooni.

Mjomba, mfundishe tena lile jambo moja. Kila siku. Usiache.

Mpwa wako


4 Septemba

Chiriku, mpwa wangu,

Sijui nianze na salamu gani. Mama yako ni mzima wa mwili. Mimi ni mzima. Fundi cherehani ameshakwambia kwamba hakuondoka. Hakukwambia kwa nini, kwa sababu sikumwambia mtu.

Tulifika uwanjani saa tatu kabla. Dada alivaa gauni lake la kijani, na jingine la kijani liko begini. Kwenye kaunta alijibu vizuri. Binti wa kaunta alimuuliza kitu, yeye akatabasamu akaonyesha magoti. Mzigo ukapokelewa, akapewa pasi ya kupandia, tukaonyeshwa viti vya wanaosubiri kusukumwa. Viti vile viko ndani, nyuma ya kioo, asiye msafiri haingii. Nilimfikisha hadi mlangoni, akaenda akakaa mwenyewe, akaweka mikono juu ya mkoba. Nilisema kimoyomoyo, hapa sasa tumeshinda.

Baada ya nusu saa akaja mwanamke kijana na kiti cha magurudumu, amevaa kadi shingoni, kila kitu kama nilivyofundisha. Akasoma karatasi, akamwita. Sikusikia, lakini niliona midomo, lilikuwa jina lake kamili. Dada akamtazama yule mwanamke kwa adabu. Kisha akageuza uso, akanitafuta kwenye kioo, akaniona. Akanitabasamia, akaendelea kukaa.

Nikampungia mkono nenda, nenda. Akanipungia na yeye.

Miezi minne, Chiriku. Miezi minne mwenye kadi alikuwa mimi. Sikumleta fundi, sikumleta jirani, sikumleta mtu yeyote mgeni hata siku moja, kwa sababu niliona hakuna anayeijua kazi hii kuliko mimi. Nilidhani namfundisha kumfuata mwenye kadi. Kumbe nilimfundisha kunisubiri mimi.

Walikuja wawili, kisha watatu. Wakamshika viwiko kwa upole, akakamata mikono ya kiti. Nilikwenda kwa askari wa mlango nikamwomba aniingize nimwite tu, neno moja, nitoke. Nikamwonyesha kadi yangu. Aliigeuza, akatazama mwaka ulioandikwa nyuma, akanirudishia kwa mikono miwili kama mtu anayemheshimu mzee. Alikuwa anasema kitu kirefu, sikukisikia hata neno. Nilianza kupiga kelele jina la dada, na kwa kuwa sijisikii sijui ilikuwa sauti gani, ila watu wote waligeuka. Yeye kioo kilimzuia, hakusikia. Basi tulikuwa wawili tusiosikia.

Ndege iliondoka. Walimtoa kwa mlango wa pembeni, na mimi nilipomwita tu akanyanyuka mara moja, akaniuliza, "Tumeshafika?" Wenye ndege wameandika kwenye kompyuta yao kwamba hawezi kusafiri bila msindikizaji. Najua maandishi hayo. Nimewahi kuyaandika mwenyewe kwa abiria wengine, na hayafutiki.

Viti vya korido nilitaka kuviondoa, akalia kama mtoto. Sasa anakaa pale na begi tangu asubuhi. Kula hanyanyuki, kulala hanyanyuki, mpaka nivae kadi nimwite. Ananiuliza ndege ya kwa binti yake lini. Nasema kesho.

Nisamehe, au usinisamehe, lakini niandikie.

Mjomba wako


1 Oktoba

Shikamoo Mjomba,

Jana viza ya mama imekwisha. Sisi wazima.

Nilikukasirikia wiki mbili nzima. Nilikuwa nakufokea kichwani nikiwa kazini, hadi nikaunguza mkono kwenye pasi, sasa nimefungwa bandeji na nimewekwa kuhesabu foronya. Halafu hasira ikaisha yenyewe. Nilianza kuwaza ungefanya nini kingine. Mimi niliyeuliza njia tu kila barua, sikuuliza nani atakayemwita.

Nimeamua. Nitafuta rufaa, nachukua pasipoti, nakuja. Baba wa mtoto atabaki na mtoto. Nimemwambia mtoto kidogo kidogo kwamba naweza kwenda kwa bibi, akaniuliza kwa siku ngapi, nikamwambia bado nahesabu.

Nichagulie njia. Kuja tu, bila kurudi. Yoyote ile, hata viwanja vitano, mimi naweza kuvuka. Nichagulie wewe, kwa sababu nikitazama mwenyewe kwenye simu naifunga kabla sijafika mwisho.

Lakini kabla sijasaini, niambie ukweli jambo moja. Bado ananijua? Ofisi wamenipa hadi mwisho wa Desemba kusema kama naendelea na rufaa au naacha. Usinivishe kilemba cha ukoka, Mjomba. Unajibu ndiyo au hapana.

Mpwa wako


3 Novemba

Mpwa wangu mpenzi,

Marahaba. Pole ya mkono. Ukipaka mafuta yasiwe ya kunukia, yanawasha.

Nilikwenda kwa wakala siku ileile niliyopata barua. Njia ipo, nzuri kabisa, inapita kisiwani, na kama kawaida nimekuachia muda wa kutosha kati ya ndege na ndege. Namba zake ninazo hapa mezani. Sijakuandikia, na utaona kwa nini.

Uliniambia nijibu ndiyo au hapana. Mwezi uliopita ningejibu ndiyo. Alikuwa anakutaja kila saa, binti yangu, binti yangu, mpaka nilikuwa naona wivu. Halafu wiki iliyopita, Alhamisi, nilimvalia kadi nikamwita aje kula. Akanyanyuka, tukaenda mezani, akashika kijiko, akaniuliza, "Huko tunakokwenda, tunakwenda kwa nani?"

Nikamwambia, kwa binti yako.

Akaweka kijiko chini. "Kumbe nina binti?"

Nikamwambia unaye, mkubwa, ana na mtoto wake. Laiti ungemwona, Chiriku. Alifurahi mno. Alishika mkono wangu kwa mikono yote miwili, akasema, "Na hamkuniambia siku zote hizi!" Akataka kujua unafananaje, una umri gani, kama wewe ni mpole au mkali. Nikamweleza hadi chakula kikapoa. Kesho yake nikamtaja binti yake, akasema tena, "Kumbe nina binti?" na furaha ileile, upya kabisa. Na mimi nikaeleza tena. Sasa ni kila siku.

Nilimwonyesha picha yako ile ya sherehe ya shule. Aliitazama vizuri, akasema huyu ni mhudumu wa ndege, anapendeza. Akairudisha.

Ukija, utamkuta mama anayekusubiri kwa furaha kubwa, na utakapomwambia ni wewe, atakuomba usogee kwa sababu unamziba asione lango. Utakuwa umemwacha mtoto wako kwa ajili ya hilo. Kisha siku moja mtoto wako naye atakuwa anasubiri, na yeye kumbukumbu yake ni nzima, haitamsahaulisha chochote.

Tangu nianze kazi sijawahi kumkatalia abiria njia. Hata waliokuwa wanakimbia wake zao niliwakatia. Leo nakukatalia wewe. Hizo namba nazichana nikimaliza barua hii. Unaweza kwenda kwa wakala mwingine, siwezi kukuzuia, ila si kwa mkono wangu.

Mimi mwenyewe nimechoka, na nakwambia kwa sababu hakuna mwingine wa kumwambia. Nikiivua hii kadi naogopa nitaanguka nayo.

Mjomba wako


19 Desemba

Shikamoo Mjomba,

Barua yako nimekaa nayo wiki tatu. Niliipeleka kazini, nikairudisha, nikaiweka chini ya mto. Mtoto ana jambo jipya kila siku, safari hii ni filimbi ya shule, anatupigia mpaka jirani wa juu anagonga sakafu.

Leo asubuhi nilikwenda ofisini nikapanga foleni. Nilipofika dirishani nilikuwa bado sijui nitasema nini, nakuapia. Yule bibi wa ofisi akaniuliza, "Unaendelea au unaacha?" Nikasikia mdomo wangu unasema naendelea. Akapiga mhuri. Hukumu itakuwa mwakani, au mwaka unaofuata, na watu wote ninaowafahamu waliofika hapo wamekataliwa. Kwa hiyo huenda nikapoteza huku na huko pia. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi, nikalia mbele za watu, sikuona hata haya.

Sikukasirikii kwa kuzichana zile namba. Nakuchukia kidogo, kwa kuwa ulisema kweli, lakini itapita. Nenda kwa daktari akutazame, na umwombe fundi cherehani avae kadi siku mbili kwa wiki nawe ulale. Mama atakataa mwanzoni. Avumilie tu, ajaribu tena.

Nilitaka kuongea naye Jumapili nikashindwa kumwambia fundi ampe simu. Niliogopa ataniuliza mimi ni nani kwa ile adabu yake.

Basi wewe endelea kumweleza. Akiuliza binti yake ni mkali, mwambie ni mkali, ili acheke. Akiuliza kama binti yake anajua kwamba yeye anakuja, mwambie anajua. Mwambie ameshafika tangu asubuhi, yuko pale wanapotokea abiria, na hana haraka yoyote.

Mpwa wako